Wavu wa Rangi

Katika Jamhuri ya Wima, nchi niliyozaliwa na ambayo natarajia kuzikwa kwa kufuata utaratibu, kuna mlima mmoja tu wenye theluji. Unaitwa Kizingo. Kwa miaka mingi mlima huo ulikaa bure. Theluji ilianguka, ikayeyuka, ikawa mto, na wananchi wakanywa maji yake bila kumshukuru kiongozi yeyote. Hali hiyo iliisikitisha sana Serikali.

Ndipo Mheshimiwa Balthazar Kipokola, Waziri wa Starehe na Miinuko, alipokwenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo ya siku arobaini. Huko aliona watu wazima, wenye akili zao, wamejifunga mbao ndefu miguuni wakiteremka mlima kwa kasi, na wakifika chini wanapandishwa juu ili wateremke tena. Aliporudi alisimama bungeni akasema amegundua siri ya maendeleo.

"Wenzetu hawashuki mlima kwa miguu kama mbuzi," alisema. "Wenzetu wanateleza!"

Wabunge wakapiga meza. Mmoja aliuliza hao wanaoteleza huwa wanakwenda wapi, akaondolewa kwenye kamati zote.

Kikajengwa Kituo cha Taifa cha Kuteleza, na Ndugu Anakleti Mbegesa, shemeji wa Waziri, akateuliwa Mkurugenzi kwa sababu alikuwa na koti zito. Mwaka wa kwanza walikuja watalii watatu, na wawili kati yao walikuwa wamepotea njia. Lakini Serikali ya Wima haijawahi kushindwa jambo. Ilitangaza Siku ya Kuteleza Kitaifa, ambapo kila mtumishi wa umma atateleza Kizingo mara moja kwa mwaka, kwa hiari yake. Asiyeteleza kwa hiari alitakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini hana hiari.

Mimi ni mwandishi wa Idara ya Habari. Kazi yangu ni kuandika jinsi mambo yalivyokwenda vizuri. Nayaandika haya kwa moyo huohuo.

*

Mwaka wa pili wa Siku hiyo alikuja Mwalimu Fridiana Msowoya, anayefundisha hesabu Sekondari ya Lukunda. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mkimya, mwenye tabia moja mbaya ambayo majirani zake waliijua na kuivumilia: alikuwa anasoma kitu kabla ya kukitia sahihi.

Pale mlangoni karani alimsogezea fomu ya kurasa nane.

"Mwalimu, saini hapa, hapa, na hapa chini."

"Ngoja nisome kwanza."

Karani akainua macho. "Usome nini?"

"Hii fomu."

"Hiyo si ya kusoma, Mwalimu. Ni ya kusaini. Tazama foleni nyuma yako, watu wanapigwa na baridi."

Akaisoma hivyohivyo, amesimama, watu wakimgunia. Kifungu cha nne kilisema mtelezi anakiri kwamba mlima ni mlima. Kifungu cha tisa kilisema ajali yoyote itakuwa imesababishwa na mtelezi, hata kama mtelezi hakuwepo. Kifungu cha kumi na saba kilisema Kituo kinamhakikishia mtelezi usalama wote ambao mtelezi atajihakikishia mwenyewe.

"Na nikikataa?" aliuliza.

"Ni hiari yako kabisa, Mwalimu," karani akasema kwa upole. "Tunaandika tu namba yako ya ajira pembeni."

Fridiana akasaini.

Mafunzo yalichukua dakika kumi. Mkufunzi, ambaye alijifunza kuteleza kutoka kwenye picha ya kalenda, aliwaambia mambo mawili: wakunje magoti, na wakifika kwenye kona ya Korongo la Mbega wakaona wanashindwa kusimama, waelekee kwenye wavu. Wavu utawadaka.

Hapa inabidi nieleze habari za wavu, maana zilikuja kupotoshwa na watu wasioitakia mema nchi yetu. Nyavu zililetwa, tena kumi na mbili, imara, za rangi ya chungwa. Sita zilizungushwa kwenye bustani ya Waziri kuzuia kunguru. Nne zilifunika banda la kuku la Mkurugenzi. Mbili zilitundikwa kwenye magoli ya timu ya Wizara, ambayo mwaka huo ilishuka daraja kwa kufungwa mabao mengi, jambo linalothibitisha kwamba nyavu zilikuwa zinafanya kazi. Mkaguzi wa usalama alipotangaza kuja, Mkurugenzi Mbegesa akamwita fundi mchoraji, akampa mbao nyembamba na rangi ya mafuta, akamwambia achore wavu. Fundi alikuwa hodari. Mkaguzi alisimama hatua hamsini kutoka pale, kwa sababu ya baridi, akausifu wavu kwa jinsi ulivyonyooka.

Fridiana alishuka polepole kuliko wote. Alitii kila kibao. Palipoandikwa "Kushoto" alikwenda kushoto, palipoandikwa "Pole pole" alikaribia kusimama kabisa. Kwenye kona ya korongo alikuta barafu tupu, inang'aa kama sahani. Mbao zikamponyoka. Akakumbuka mafunzo, akaelekea kwenye wavu.

Alipita ndani ya picha ile kama mtu anayepita ndani ya mlango wa karatasi, akaanguka juu ya jabali lililokuwa chini yake, umbali wa vitanda viwili. Alisikia nyonga yake ya kulia ikilia kama kuni kavu. Halafu hakusikia kitu kwa muda, ila vipande vya mbao vikidondoka korongoni, kimoja baada ya kingine.

Waokoaji wawili walifika na machela. Walichuchumaa pembeni yake, mmoja akatoa kalamu.

"Pole sana, Mwalimu. Sababu ya ajali?"

"Nyonga yangu imevunjika," Fridiana akasema. "Nishikeni kwanza."

"Tutakushika. Sababu?"

"Ule si wavu. Ni picha ya wavu."

Mwokoaji akapitisha kidole kwenye karatasi. "Hiyo haimo. Kuna (a) uzembe wangu, (b) haraka yangu, na (c) vyote viwili. Tia tiki kwenye (c) tukupandishe, mama. Hata sisi ni binadamu, tunasikia baridi."

Fridiana, huku meno yakigongana, akachukua kalamu, akaongeza herufi (d), na mbele yake akaandika: *Ubao*. Walimpandisha hivyohivyo, ila hawakuona sababu ya kufanya haraka.

*

Alilala hospitali miezi mitatu. Alirudi Lukunda na gongo moja na mguu uliofupika kidogo. Angeweza kutembea. Kitu ambacho hakuweza ni kusimama zaidi ya robo saa bila maumivu kumpanda mpaka mgongoni. Akaomba kiti cha kukalia darasani.

Mkuu wa shule, Mwalimu Gaudensi Pilika, alimpokea ofisini kwa huzuni ya kweli. Alikuwa mtu mwenye moyo mwema na mwoga sana, na hivyo viwili vikikutana kwa mtu mmoja, mwoga ndiye anayetia sahihi.

"Mimi binafsi nakuonea huruma, dada Fridiana. Lakini waraka namba sita unasema mwalimu wa Wima hufundisha akiwa wima. Kiti kikionekana darasani, wanafunzi watajifunza kukaa."

"Wanafunzi wamekaa tayari, Mkuu."

"Wale bado wako ngazi ya chini."

"Nina wanafunzi hamsini na wawili wa mtihani. Nani atawafundisha?"

Mwalimu Pilika akatazama dirishani. "Tumeomba mwalimu mwingine. Tumeomba mara nne."

Fridiana akapewa likizo isiyo na tarehe ya mwisho. Kila asubuhi alikaa kwenye baraza ya nyumba yake, ng'ambo ya uzio wa shule, akasikiliza darasa lake likipiga kelele kwa sababu hakuna mwalimu ndani. Mama mmoja jirani alimkuta siku moja analia, na kwa kuwa hakuwahi kumwona akilia hata alipokuwa hospitali, alirudi nyuma kimyakimya asimwaibishe.

Wiki iliyofuata Fridiana alifungua kesi. Hakudai fidia, na jambo hilo liliishtua sana mahakama. Alitaka vitu viwili tu: kiti darasani, na wavu wa kweli pale kwenye kona. Mtu asiyedai fidia, magazeti yetu yaliandika, lazima ana ajenda.

Wakili wa Kituo, msomi mwenye sauti nzito na viatu vinavyolia, alisimama akasema maneno ambayo sasa yanafundishwa chuoni.

"Mheshimiwa Jaji, wavu ni kwa ajili ya samaki. Ukimwekea raia wavu unamwambia kwamba humwamini, kwamba wewe unajua ataanguka. Mteja wangu aliwaheshimu wananchi. Aliwachorea wavu, akawaachia wajibu. Mwalimu huyu alikuwa na magoti yake mwenyewe. Nani alimkataza kuyakunja?"

"Niliyakunja," Fridiana akasema.

"Unaona, Mheshimiwa! Aliyakunja, na bado akaanguka. Sasa mteja wangu angefanya nini zaidi?"

Jaji alimwona Fridiana ana makosa mawili: kuanguka nje ya eneo lililotengwa kwa ajili ya kuangukia, na kuharibu kazi ya sanaa. Kwa huruma, alimwonya tu. Wavu haukuwekwa. Kiti hakikutolewa. Na ubao mpya nao haukuchorwa, kwa sababu fundi alisema rangi imekwisha.

*

Miezi miwili baadaye Waziri Kipokola aliwapeleka wageni wake Kizingo baada ya chakula cha mchana kilichoanza asubuhi. Njia ya korongo siku hiyo ilikuwa imefungwa kwa kamba, na kwenye kamba kuna kibao chekundu: PAMEFUNGWA. USIPITE.

"Mheshimiwa, pamefungwa," mlinzi alithubutu kusema.

"Nani kafunga?" Waziri akauliza. "Mlima huu niliufungua mimi, kwa mkasi wangu!"

Akairuka kamba. Aliteremka akiwa amegeuza uso nyuma, ili mpiga picha ampate vizuri. Kwenye kona ya Korongo la Mbega hakukuwa na wavu, wala picha ya wavu, wala chochote. Mheshimiwa akatoka mlimani akaingia hewani, bado anapunga mkono. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imeanguka theluji nyingi, akatua kwenye lundo laini, akateguka kifundo cha mguu.

Taifa lilitikisika. Redio iliacha muziki. Kesi ya Mwalimu ilichukua miezi mitano kusikilizwa, ya Waziri ilichukua siku tatu. Wakili alikuwa yuleyule, viatu vilevile, ila safari hii alisimama upande wa aliyeanguka.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, sauti ikimtetemeka, "hivi nchi hii inawaacha watu wake wateleze bila wavu? Tu wanyama sisi? Na kile kibao! 'Usipite'! Waziri mzima anaambiwa 'Usipite', kama anafokewa mtoto wa jikoni! Pangeandikwa, 'Mheshimiwa, tunakuomba usipite,' mteja wangu, kwa unyenyekevu wake, angelifikiria ombi hilo."

Jaji aliafiki kwamba kibao hakikuwa na adabu. Ikabaki kumpata mwenye kosa. Mkurugenzi Mbegesa alieleza kwamba kama ubao ungekuwepo, Waziri angeuona. Na ubao haukuwepo kwa sababu kuna mtu aliuvunja. Basi Fridiana akaletewa samansi, akaja tena na gongo lake.

"Ulivunja ubao?" Jaji akamuuliza.

"Niliuvunja, Mheshimiwa. Kwa nyonga."

"Kama ungeuacha salama, Mheshimiwa Waziri angegonga nini?"

"Angegonga ubao."

"Na ubao ungefanya nini?"

"Ungevunjika."

"Kwa hiyo unakiri kwamba ungevunjika."

"Nakiri, Mheshimiwa."

"Karani, andika: amekiri."

Hukumu ilisomwa siku hiyohiyo. Kwa kuwa Mwalimu Fridiana Msowoya ameonyesha mara mbili kwamba hajui maana ya mtu kuwajibika, ataifundisha maana hiyo kwa vitendo. Siku ya Kuteleza Kitaifa inayokuja atateleza wa kwanza, mbele ya watumishi wote, mpaka miguuni kwa jukwaa la Rais.

Ukumbini mtu mmoja alisema kwa sauti, "Lakini mguu wake?" Askari wakamtafuta. Hawakumpata, kwa sababu kila waliyemuuliza alisema labda ni yeye mwenyewe.

*

Siku ikafika, jua kali, theluji nyeupe inayoumiza macho. Juu kileleni walikuwa watumishi mia sita: wauguzi, mabwana shamba, makarani, walimu, na askari polisi. Wote walikuwa wamesaini. Chini kabisa, wadogo kama punje, walionekana watu wa jukwaani. Bendi ya polisi ilikuwa imeanza kupiga.

Fridiana alivua mbao alizofungwa, akazipanga vizuri pembeni. Akatoa kwenye kikapu gunia tupu la unga, akalitandika, akaketi, gongo lake ubavuni.

Karani wa fomu akaja mbio. "Mwalimu! Inuka! Unafanya nini?"

"Nateleza."

"Huwezi kuteleza umekaa!"

"Ni kifungu gani kinachosema lazima nisimame?"

Karani akafungua kurasa zile nane. Nilikuwepo, niliyaona kwa macho yangu: alizisoma zote, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na alipofika kifungu cha tisa midomo yake ikaacha kutembea. Naye alikuwa ameisaini fomu hiyohiyo asubuhi ile. Akaikunja, akaitia mfukoni, akakaa kwenye theluji palepale aliposimama.

Wa pili kwenye foleni alikuwa Mwalimu Gaudensi Pilika. Aliutazama mteremko. Akalitazama jukwaa. Akamtazama mwalimu wake wa hesabu juu ya gunia.

"Sogea kidogo, dada," akasema, na sauti haikuwa ya ofisini.

Wakaanza kushuka, Fridiana mbele, Pilika nyuma yake, halafu muuguzi mmoja, halafu wengine. Hakuna aliyetoa amri. Mtu aliona mwenzake ameketi, naye akaketi. Mia sita walishuka Kizingo kwa makalio, wakijizuia kwa visigino, suruali na sketi zikiloa. Kwa mbali, bendi ikapiga wimbo wa mapokezi mpaka mwisho, ikaurudia, ikaurudia tena.

Kwenye kona ya korongo barafu ilikuwa ileile. Fridiana akakaza kisigino cha mguu mzima, akapita taratibu. Mwalimu Pilika hakupita. Alizunguka kama sinia, akaanza kuelekea ukingoni, mikono ikitafuta kitu cha kushika pasipo na kitu.

"Mama yangu weee!"

"Shika!" Fridiana akamnyooshea gongo. "Mkuu, shika hapa!"

Alilishika lile gongo kwa mikono miwili, miguu yake ikining'inia juu ya lile jabali. Fridiana akavutwa mpaka nyonga ikamchoma kama moto, akapiga kelele lakini hakuachia. Muuguzi akamdaka Fridiana kiunoni, karani wa fomu akamdaka muuguzi, na kwa muda mfupi wakawa mnyororo wa watu wanne walioketi, wanahema. Halafu Pilika akarudi juu ya theluji, akalala kifudifudi, akalia kwa sauti bila kujali nani anamsikia. Baada ya hapo waliokuja nyuma walipita pale wakiwa wameshikana mikono, mtu na mtu, mpaka wa mwisho.

Ilichukua saa tatu. Chini, Rais alikuwa ameshakunywa chai mara mbili. Waziri Kipokola, mguu wake juu ya mto wa hariri, alikuwa ameandaa hotuba iitwayo "Taifa Lililosimama Imara", akawa anaigeuzageuza mikononi.

"Mbona wamekaa?" Rais akauliza.

Mkurugenzi Mbegesa akavuta koti lake zito mpaka masikioni.

"Wakamateni," Waziri akasema. "Ni mgomo huo! Wako wapi polisi?"

Koplo mmoja aliyekuwa karibu na jukwaa akapiga saluti. "Wanashuka, Mheshimiwa. Wale pale, mstari wa saba." Naam, walikuwa pale, kofia vichwani, bunduki mapajani, wameshikana mikono na mabwana shamba.

Siku hiyo hakukamatwa mtu. Pia, kwa mara ya kwanza tangu Kituo kifunguliwe, hakuvunjika mtu. Takwimu hii nimeiandika mimi, na Idara ikaniuliza kama nina uhakika.

*

Jumatatu iliyofuata, Mwalimu Pilika alivuka uwanja wa shule na kiti cha mbao kichwani, kile cha ofisini kwake, chenye mto. Alikiweka mbele ya darasa la hesabu, akamwita Fridiana kutoka barazani kwake, akampisha aketi.

"Na waraka namba sita?" Fridiana akauliza.

"Waraka ni waraka, dada. Mimi sijaona kiti chochote." Akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Nilikwenda Lukunda wiki mbili baadaye kumpiga picha Mwalimu Fridiana kwa ajili ya gazeti la Serikali, picha ambayo haikutumika. Nilimkuta katika mapumziko, amekaa, anasahihisha madaftari, mwanafunzi wa zamu amesimama mlangoni, na redio ndogo iko dirishani. Mheshimiwa Waziri alikuwa anahutubia taifa. Alisema mtindo mpya wa kuteleza kwa kukaa, ambao sasa mataifa yanauonea wivu, ni matunda ya utafiti alioufanya yeye mwenyewe, kwa kujitolea mguu wake, na kwamba kutokana na mtindo huo nchi haina tena haja ya kununua nyavu. Alitunukiwa nishani. Makofi yalisikika kwa muda mrefu.

Nilimuuliza Mwalimu kama angependa kusema neno lolote kwa wasomaji.

Alinitazama, akaitazama redio. Akanyoosha mkono akaizima, akavuta daftari linalofuata.

"Mwambie huyo mwanafunzi wa mlangoni apige kengele," akasema. "Muda umekwisha."